Mguu Sawa

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, ngiri ya kaka ilipokaza tumboni. Jirani alimpakia kwenye baiskeli kutoka Walukuba mpaka hospitali pale Jinja, mimi nikikimbia nyuma.

Serikali ya zamani ilikuwa imeanguka na askari wake walikuwa wakisakwa. Kaka alikuwa mmoja wao. Mama, kabla ya kwenda kwao Mbale, alinikaririsha: ukiulizwa, kaka yako ni fundi baiskeli.

Ilibidi apasuliwe. Daktari wa usingizi alisema gesi ya kulaza wagonjwa imekwisha, angempa sindano ya ketamini. Nikauliza ataamkaje.

"Wengine vibaya. Wanapiga kelele, wanatoa siri za moyoni."

Mimi huwa siongei na wakubwa, lakini nilisikia sauti yangu: "Mchome ile sindano ya mgongoni, asilale kabisa."

Akacheka. "We binti, unachagua dawa kama gauni la gomesi sokoni? Imebaki moja, ya mama wa kujifungua."

Sikuweza kumwambia kwa nini. Aliahidi kumwongezea dawa ya kutuliza, kama ipo. Haikuwepo.

Walimrudisha wodini jua likielekea kuzama. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelazwa askari wa jeshi jipya, mguu mmoja kwenye plasta. Kaka akaanza kutikisa kichwa, macho wazi, hayanioni. Nikamziba mdomo kwa leso. Akanipiga kiwiko, akanguruma:

"Kwata! Mguu sawa!"

Chini ya blanketi, mguu mzima wa yule askari ulinyooka wenyewe. Akautazama, kisha akanitazama.

"Huyu nani yako?"

"Kaka yangu, afande. Fundi baiskeli."

"Baiskeli zake zinapiga kwata?" Mtu akacheka; yeye hakucheka. "Kesho saa tatu wenzangu wanakuja kuniona."

Mpaka leo sijui kama alinitisha au alinionya.

Kulipopambazuka nilimvika kaka kanzu ya marehemu baba niliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikamkokota mpaka kwenye taksi ya abiria wa Mbale. Yule askari alikuwa amegeukia ukutani. Kidonda kilivuja njia nzima. Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi akaita, "Wewe mwenye kanzu, shuka!"

Kaka alipokanyaga chini nikaona mgongo wake unaanza kunyooka, visigino vinatafutana. Nikamkandamiza bega kwa nguvu zangu zote, nikasema kwa sauti, mbele ya abiria wote:

"Inama, kaka. Unaumwa. Inama."