Miguu Mitatu ya Mbahimua

Mbahimua aliamka siku ile akitafuta stendi yake ya kuegemezea bunduki, akaikuta nyuma ya nyumba inasukiwa maziwa. Mkewe, Kavetuna, alikuwa ameitanua miguu yake mitatu mchangani, kafunga kibuyu kwa kamba pale juu panapokaa bunduki, naye kaketi kwenye kigoda anakisukuma huku na huku na kuimba kwa sauti ya chini. Mafuta ya maziwa yalikuwa yamechuruzika mpaka kwenye vifungo vya miguu.

"Hicho ni kifaa cha kazi!" Mbahimua alifoka.

"Na hii si kazi?" Kavetuna hakuacha kusukuma. "Mwaka mzima kimelala jaani mbuzi wanakikojolea, hukusema neno. Leo ndiyo kimekuwa kifaa?"

"Leo nakihitaji."

"Basi subiri siagi ishike."

Akasubiri. Mpiga bunduki wa hifadhi nzima, kofia kichwani, buti miguuni, amesimama nyuma ya nyumba yake mwenyewe anangoja siagi ishike. Asubuhi ikianza hivyo, mtu mwenye busara angerudi kulala.

Stendi ile aliachiwa na mgeni Mjerumani, mtu mnene mwenye pumzi fupi, aliyekuja kuwinda huku mkoani Kunene na kumchukua Mbahimua amfuatie nyayo. Mjerumani hakupiga hata risasi moja bila stendi. Alitanua miguu, akalaza bunduki juu, akaibana kwa jiliwa dogo lenye taya za mpira, kisha akalenga kwa raha zake kama mtu anayesoma gazeti. Siku ya kuondoka alimkabidhi Mbahimua stendi kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Mbahimua alishukuru kwa adabu, akafika nyumbani, akaitupa. Kwake yeye bunduki yenye miguu ilikuwa bunduki ya wagonjwa.

Maana yeye alikuwa amepiga wima maisha yake yote. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha, wakati wa ule ukame uliomaliza ng'ombe wa bonde zima, watu wakaponea nyama ya porini. Baadaye, hifadhi ya jumuiya ilipoanzishwa na uwindaji wa ovyo ukakoma, watu wa bonde walimkabidhi yeye bunduki yao. Kila mwaka kabla ya mkutano mkuu aliingia porini, akapiga mnyama waliyeruhusiwa, watu wakala wakashiba. Hakuwa na ng'ombe wengi. Hakuwa na ulimi wa kuhutubia. Watoto wake wako mjini Windhoek, na simu yao ikilia ujue kuna shida. Alichokuwa nacho ni bunduki ile na mlio mmoja kila mwaka, mlio ambao akina mama walipousikia huko nyumbani walianza kuosha masufuria bila kuuliza.

Mwaka jana milio ilikuwa mitatu. Choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, alikimbia na jeraha la tumbo, wakamfuata mpaka giza likawazuia, na walipomkuta kesho yake fisi walikuwa wamekwisha mmaliza. Kwenye mkutano watu walikula ugali na maziwa, wakatazamana. Mwenyekiti wa hifadhi, mama mmoja asiyezungusha maneno, alisimama akasema mbele ya wote: "Mbahimua, tunakuheshimu. Lakini mnyama akijeruhiwa tena, bunduki itakwenda kwa Vekuii."

Kati ya watu wote, kwa Vekuii! Vekuii ni mlinzi wa wanyama wa hifadhi, tena ni mtoto wa shangazi yake Mbahimua, na kwa Waherero mtoto wa shangazi ni mtani wako wa kuzaliwa. Ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe, kukuvua kofia barabarani, kuondoka na mbuzi wako huku anacheka, na wewe ukikasirika ndiye unayeonekana mjinga. Amemtukana Mbahimua tangu hawajajua kuvaa nguo, na Mbahimua hajawahi kumwachia tusi likapita bila jibu.

Mwaka mzima Mbahimua alilitafuna lile jambo, akafikia uamuzi kwamba ubaya uko mikononi. Mikono inatetemeka. Akitazama kwenye darubini ya bunduki mnyama anacheza, anakuwa kama yuko nyuma ya vumbi. Mikono ikitulizwa, kila kitu kitatulia. Ndipo akaikumbuka stendi ya Mjerumani. Lakini mazoezi hakufanya, asije akaonekana.

Siagi iliposhika, Kavetuna alishusha kibuyu, akafuta stendi kwa pindo la gauni lake, akampa. Walipopita zizini Mbahimua alisimama, akanyoosha fimbo.

"Yule mwekundu mbona amebaki nyuma? Anachechemea?"

Kavetuna alicheka. "Mwekundu yupi? Yule ni wa madoa, uliyemrithi kwa mjomba wako."

"Najua. Nilikuwa nakujaribu."

Kavetuna alimtazama kidogo. Hapa kwetu mtoto wa miaka mitano anawajua ng'ombe wa jirani kwa mabaka yao kutoka ng'ambo ya mto. Lakini mume alikuwa na hasira toka alfajiri, na mke aliona ni vyema ayaache kama yalivyo.

Vekuii alikuwa anangoja chini ya mti wa mopane, na kicheko chake kilianza kabla hawajaamkiana.

"Binamu! Miguu miwili uliyopewa na mama yako imekwisha, umeagiza mitatu Ujerumani?"

"Funga mdomo, nzi wataingia."

"Tena inanuka maziwa! Leo hatutafuti tandala. Tukae tu hapa, watakuja wenyewe kunyonya."

"Wakija watakukimbia wewe. Hujaoga tangu mvua ya mwisho."

"Na mvua yenyewe ilininyeshea kwa bahati mbaya," alisema Vekuii, wakaingia porini.

Mwaka huu waliruhusiwa tandala dume mmoja. Wa kwanza walimkuta mapema, mteremkoni, amegeuza ubavu, hana habari. Mbahimua akatanua stendi juu ya mawe, akalaza bunduki, akainama kulenga. Mguu mmoja ukateleza. Bunduki ikainamisha pua, stendi ikampiga gotini, kokoto zikaporomoka mpaka bondeni. Tandala alibweka mara moja, akapotea. Vekuii alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yanaruka.

"Cheka kwa sauti," Mbahimua alisema. "Utapasuka."

"Siwezi. Wengine watasikia, watakuja kutazama."

Wa pili ilikuwa balaa zaidi. Mafuta ya maziwa yalikuwa yamechanganyika na vumbi, na kifungo cha mguu mmoja kikagoma kabisa. Mbahimua alivuta. Akakunja uso, akavuta tena. Akakitia meno. Miguu miwili mirefu na mmoja mfupi, bunduki imeegama kama mlevi, na tandala yuko pale anatafuna majani kwa utulivu wa kuudhi. Hapo akafanya jambo ambalo angemchapa kijana yeyote kwa kulifanya: akaokota jiwe, akagonga kifungo. Ngaa! Bonde zima likajibu.

"Ungepiga kengele kabisa," alisema Vekuii wakitazama vumbi la tandala. "Ingekuwa heshima kidogo."

Mbahimua aliitupa stendi chini. Aliwalaani Wajerumani na viwanda vyao, akalaani siagi, akalaani mawe ya Kunene, akamlaani mwenyekiti na mdomo wake, akarudi kwa Wajerumani. Aliipiga teke, ikamuumiza kidole. Alikuwa karibu kulia, na alijua Vekuii anaona, na hilo lilimkera kuliko kidole.

"Umemaliza?" Vekuii aliuliza.

"Bado."

"Endelea, nina maji ya kutosha."

Akacheka bila kupenda. Wakakisafisha kifungo kwa mchanga na kipande cha shati, wakaendelea.

Wa tatu alikuwa amesimama kivulini kwenye mkondo wa mto mkavu, jua limeanza kuinama, upepo unatoka kwake kuja kwao. Hakukuwa na mawe. Mbahimua alizamisha miguu ya stendi mchangani mmoja mmoja, taratibu. Vifungo vikashika. Akalaza bunduki, akakaza taya za jiliwa, akaweka jicho.

Darubini haikucheza hata kidogo. Ilikuwa imetulia tuli, jinsi ilivyokuwa enzi za mjomba wake, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha akatazama vizuri, akaona ukungu. Kulikuwa na kitu cha kahawia katikati ya ukungu. Pengine tandala, pengine mti. Akatoa jicho, akafuta kioo cha mbele kwa pindo la shati, akafuta cha nyuma, akarudi. Ukungu ulikuwa palepale, nao umetulia.

Basi akaondoa mikono yake yote miwili kwenye bunduki. Aliifungia mgongoni, kidole ndani ya kidole, akasogeza jicho peke yake. Hapakuwa na mkono wa kutetemeka tena. Ukungu haukuondoka.

"Vekuii," alinong'ona, "yuko wapi?"

"Yuko wapi nani? Huyo mbele ya pua yako! Unataka akuamkie?"

"Nakuuliza yuko wapi."

Vekuii alimgeukia. Aliona ile mikono mgongoni, na kicheko kikamtoka usoni chote. Akasogea, akaweka jicho lake kwenye darubini.

"Umelenga mti," alisema polepole. Akalegeza jiliwa, akasogeza mtutu kidogo kulia, akakaza. "Sasa imelenga begani kabisa. Mimi namwona. Wewe vuta tu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Mlio ungekuwa mmoja, akina mama wangeosha masufuria, mwenyekiti angemeza maneno yake, na Vekuii, pamoja na mdomo wake wote, asingesema. Mbahimua aliweka kidole. Hapo akamwona choroa wa mwaka jana, yaani hakumwona, maana sasa alijua kwamba hata siku ile hakuwa amemwona. Alikuwa amefyatua risasi tatu kwenye ukungu, mnyama akatembea usiku kucha na utumbo nje kwa sababu mtu mzima hakutaka kukubali kwamba macho yake yamekwisha.

"Njoo upige wewe," alisema.

"Binamu..."

"Piga, kabla sijabadili mawazo!"

Mlio ulikuwa mmoja. Hata yeye aliusikia mwili ukianguka.

Mbahimua aliketi mchangani, akangoja tusi. Alikuwa na jibu tayari, jibu zuri sana, kuhusu masikio ya Vekuii na mama wa punda. Vekuii aliichomoa bunduki, akakunja stendi, akaja akachuchumaa karibu yake.

"Pole sana, kaka," alisema.

Kaka! Maisha yao yote Vekuii hakuwahi kumwita kaka.

"Nadhani ni mtoto wa jicho," Vekuii aliendelea kwa sauti ile ile laini. "Madaktari wa macho huwa wanakuja mjini Opuwo. Wanatoa ule ukungu, mtu anaona tena. Ukitaka nitakupeleka mwenyewe."

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Basi?"

"Nilikuwa nasema tu."

Walimfunika tandala kwa matawi, vijana waje kumchukua kabla ya giza. Njia nzima Vekuii alibeba bunduki na stendi, akawa anamshikia matawi. "Mwiba hapo, kaka," alisema, na Mbahimua akajibu, "Nauona!" maana mwiba aliuona, na jiwe aliliona, na hata mgongo wa Vekuii ulioinama kwa huruma aliuona vizuri kuliko alivyotaka. Kitu kikiwa karibu hakimpigi chenga. Lakini nani angemweleza hayo mtu aliyekwisha amua kukuhurumia?

Nyumbani alimpa Kavetuna stendi. "Sukia maziwa," alisema. Kavetuna aliipokea, kisha akasema, "Yule ng'ombe wa madoa." Mbahimua akajibu, "Ndiyo." Jioni ile mkewe alimpa siagi nyingi kuliko kawaida, jambo ambalo nalo lilimuudhi.

Siku ya mkutano hakungoja kuitwa. Alisimama mwenyewe, akaipeleka bunduki mbele, akasema ni nani aliyempiga tandala na kwa nini. Mwenyekiti alimshukuru kwa maneno machache mazuri na watu wakapiga makofi marefu. Makofi yale aliyachukia toka la kwanza mpaka la mwisho.

Nyama ilipoiva, Vekuii alimletea bakuli kabla ya wazee wote, kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Karibu, mzee wangu."

"Mzee wako nani?" Mbahimua alipaza sauti, watu wageuke. "Tazameni masikio haya! Punda aliyazaa, akaona aibu, akamwachia shangazi yangu ayalee!"

Watu waliangua kicheko, kisha wote wakamgeukia Vekuii, wakingoja jibu, kama walivyongoja kila mwaka. Mbahimua naye akangoja, kidevu juu. Hakuwahi kulitaka tusi kama alivyolitaka siku ile.

Vekuii alitabasamu kwa upole. Akamshika kiwiko.

"Nyama itapoa," alisema. "Kiti kiko hapa, mzee wangu. Hatua moja tu, kushoto."

Kiti alikuwa anakiona. Akakaa.