Mbatizaji wa Ikitsuki

Mbatizaji wa kijiji kile kisiwani Ikitsuki, nchini Japani, alikuwa na mikono laini kuliko ya mkulima yeyote, kwani kila alipoitwa kumbatiza mtoto alikaa wiki nzima bila kushika samadi wala jembe, akinawa maji baridi kisimani asubuhi na jioni. Sala alizisali kwa kunong'ona, ingawa serikali ilikwisha acha zamani kuwasaka Wakristo. Sauti ile aliirithi kwa mababu walioificha imani yao zaidi ya miaka mia mbili, na maneno mengine hata yeye hakujua maana yake.

Sae, mama kijana wa kijiji hicho, alimwomba ambatizie bintiye. Kisha mumewe akamshawishi, wakampeleka mtoto kanisani kwa padri wa Kikatoliki, na Sae akaona haya kumwambia yule mzee mbatizaji. Siku waliyokuwa wamekubaliana, mzee alifika na kichupa cha maji, amevaa kimono chake cha sherehe.

"Nisamehe, mzee wangu. Padri ameshambatiza."

Mzee alikishusha kichupa. "Wamempa jina gani?"

"Maria."

"Maruya," alisema, kwa matamshi ya wazee wake. "Basi bado ni wetu, binti yangu."

Aliinama kumtazama mtoto, mikono ameifumbata mgongoni asije akamgusa. Sae alitaka kumwambia, mbebe tu, mzee, lakini aliona haya tena. Alipothubutu kusema, mzee alikuwa ameshavaa ndara zake na kushika njia, na mwaka ule hakuna mama mwingine aliyemwita.