Kifaa Kilichouliza Nyumbani ni Wapi

Fundi wa redio za magari mjini Bukoba aliponifungia kifaa cha ramani, kitu cha kwanza kilichoniuliza ni nyumbani. Nikaandika Buhembe, ninakokaa na baba yangu, ninayemwita Tata kwa Kihaya. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni, akisikiliza vidole vyangu vikigonga skrini.

"Umeandika nini?"

"Nyumbani. Hapa Buhembe."

"Hapa tunakaa," akasema.

Nilikasirika, nakiri. Miaka minne tangu macho yake yazime namshika mkono, namtolea samaki miiba, na kumbe kwangu ni mahali pa kukaa tu.

Siku hiyo alitaka nimpeleke kwenye kibanja alikozaliwa, shamba la ukoo mbele ya Nshamba, ambako dada yake mkubwa bado anaishi kati ya migomba. Zamani alikwenda mwenyewe kwa basi. Mimi mara ya mwisho kufika huko nilikuwa mtoto, na shangazi hana simu. "Nataka nimsikie," Tata alisema, "kabla mmoja wetu hajanyamaza."

Nikaandika herufi tano za mwanzo za Nshamba, kifaa kikanimalizia neno, nikabofya bila kusoma. Hata hatujamaliza kubishana kuhusu vioo vya gari, sauti ya kike ikatangaza kwamba tumefika. Tata akafungua mlango, akashusha mguu, akavuta pumzi. Akasikiliza.

"Mbona bodaboda ni za mjini?"

Kilikuwa kimetuleta Nshambya, kata ya jirani. Tata alicheka hadi akakohoa. Alisema huyo binti wa ndani ya kioo hakumaliza shule.

Tulianza upya. Muleba tukakata kulia, tukapanda. Nshamba kifaa kilipajua vizuri, hata maduka. Baada ya hapo skrini ikabaki na mshale wetu peke yake, bila barabara. Badala ya kuogopa, nikawa na hamu ya kuona Tata atafanyaje.

"Tumepita daraja la mbao?"

"Sasa ni la zege."

"Sawa. Hesabu njia za kushoto, uingie ya tatu."

Ya tatu ilikuwa mpya, ikaishia kwenye uwanja wa nyumba ya watu. Tukarudi, tukaingia ya nne. Hapo akaniambia nisimame, akashuka, akaanza kupapasa kando ya njia mpaka mkono wake ukagusa omuramura, ile mimea inayopandwa mpakani mwa vibanja. Akaenda shina kwa shina, mimi nyuma yake. Kwenye shina lililogawanyika mara mbili akasimama.

"Huu tuliupanda mimi na dada."

Barabara walikuwa wamechonga, daraja wamebadilisha, lakini mpaka wa kibanja hakuna mtu anayethubutu kuung'oa. Ramani ya Tata ilikuwa bado imesimama ardhini. Akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu.

"Waitu!" ikaitika kwa Kihaya sauti ya shangazi kutoka kwenye migomba. "Nani anapasua koo?"

Tata alilia pale pale, bila aibu. Shangazi alimtia kiganjani punje za kahawa za kumkaribisha mgeni kabla hata hajaketi, wakatafuna pamoja, wameshikana mikono.

Wakati wa kuondoka nikamuuliza Tata mahali hapo nipahifadhi kwa jina gani.

"Andika nyumbani."

Nikaandika. Kifaa kikasema tayari kuna nyumbani nyingine, kikauliza kama kifute ile ya zamani. Nikamsomea Tata swali hilo kwa sauti. Yeye alikuwa bado akimuaga dada yake. Iliniuma kwelikweli, lakini nikabofya ndiyo.

Akaingia garini, akajifunga mkanda mwenyewe kwa kupapasa.

"Haya, mwanangu. Twende kwetu."

"Kwetu wapi, Tata?"

"Buhembe," akasema. "Au umeshaifuta?"