Mafuta ya Katunge

Watu wa Kalamba walipoona Katunge amenunua pipa na bomba la shaba, walidhani ameanza kupika pombe ya chang'aa. Kyule, mwenye duka la mbegu na dawa za shambani, alimtania mbele ya wateja.

"Mama Kanini, mchungaji akiuliza nimwambie ni ya kikohozi?"

"Mwambie ni ya maembe."

Alisema kweli. Kwenye mafunzo ya siku mbili huko Matinyani alikuwa amefundishwa kuchemsha majani ya kivumbasi, kupoza mvuke wake na kuengua mafuta yanayoelea. Yakichanganywa na maji na sabuni kidogo, hunyunyizwa kwenye maua ya miembe kuzuia kuvu. Dawa za dukani zilikuwa zimemchubua mikono, naye hakutaka kuziona tena.

Mgongo ulimsumbua, kwa hivyo mumewe, Ndolo, ndiye aliyebeba pampu. Misimu mitatu maembe yao yalitoka bila doa. Baada ya msimu wa tatu Katunge alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na Ndolo akaitikia amina kabla ya mchungaji.

Akina mama sita wakaacha dawa za dukani, wakachukua mafuta yake. Mwaka huu ukungu wa Julai ukakaa siku nyingi. Maua ya jirani yake Mbithe yakawa meusi, yakapukutika. Ya Katunge yakashika.

"Kuna kitu unatuficha," Mbithe alimwambia langoni.

"Haki ya Mungu sina kingine, Mbithe. Ni haya haya niliyokupa."

Wiki hiyo alienda kwa Kyule kununua mbegu za sukuma wiki. Kyule akamwekea mezani pakiti mbili za dawa ya kuvu.

"Mpelekee mzee. Ni zile zake za kila mwaka."

Ndolo alikuwa uani akipepeta ndengu. Aliziona pakiti mkononi mwa mkewe, akaweka ungo chini.

"Tangu lini, Baba Kanini?"

"Msimu wa kwanza. Napiga mafuta yako, halafu Alhamisi ukienda ushirika wa akina mama napiga hii. Miembe ikikataa tutakula nini?"

"Na kanisani?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Ningekukatiza vipi?"

"Ulisema amina."

Ndolo akatazama ndengu. "Usiende kwa Mbithe. Tutachekwa sisi wawili."

Katunge alienda, pakiti zikiwa mkononi. Mbithe alikuwa akifagia maua makavu chini ya miembe yake. Alisikiliza yote bila kumkaribisha kiti.

"Sasa hayo mafuta yanafanya kazi ama hayafanyi?"



"Sijui," Katunge alisema. "Misimu yote hiyo, Mbithe, na sijui. Hata mti mmoja Baba Kanini hakuniachia bila dawa, nijue."