Mfuko Niliomtundikia Baba

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, Mikumi, na kasoro yangu kubwa ni kwamba sivumilii kuelezwa jambo. Kutwa nzima nawaeleza watoto kitu kimoja mara kumi, kwa hiyo akija mtu mzima kunieleza mimi, namkata katikati: "Nimeelewa." Mume wangu ananijua, anaongea haraka haraka.

Basi baba alipozibwa mkojo kwa sababu ya tezi dume, nikachukua ruhusa nikakimbilia hospitalini Kilosa. Nesi aliyemwekea mpira wa mkojo alitukabidhi mgonjwa wetu, na ule mfuko wa plastiki ulioungwa mwisho wa mpira, akaanza: "Mwalimu, huu mfuko wakati wote..." Nje bajaji ilikuwa inapiga honi. Nikamwambia nimeelewa sista, asante, Mungu akubariki. Akamwinamia baba kwenye kiti cha magurudumu, akamwambia yaliyobaki. Sikuyasikia, maana nilishatoka kugombana na dereva wa bajaji kuhusu mahali pa kuweka mto.

Baba ni mtu wa haya. Tangu nizaliwe sijamsikia akitamka neno mkojo, na sasa alirudi nyumbani nao kwenye mfuko unaoonekana na kila mtu. Mama alitaka kuuweka chini, ubavuni mwa kitanda. Nikamkemea. Chini kuna kuku, kuna vumbi, na isitoshe hospitalini tumeona wenyewe: mifuko yote inatundikwa juu! Nikaondoa kalenda kwenye msumari ulio juu ya kichwa cha baba, nikautundika mfuko pale, kisha nikaufunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma nilichokitoa kwenye kochi. Nikarudi hatua mbili nyuma kutazama. Sitaficha, nilijisifu.

Wageni wakaanza kumiminika. Kila aliyeingia alimsalimia baba, akampa pole, halafu akainua macho kwenye kitambaa. Nami nilisimama pembeni ya kitanda nikitoa somo. "Huu ni mpira wa kisasa, unatoa uchafu wote mwilini." Shangazi yangu, dada yake baba, alichungulia kwenye matundu ya kitambaa asubuhi, akachungulia tena jioni, akatangaza kwa furaha kwamba dawa inapungua, kwa hiyo inaingia. Kuhusu dawa nilimsahihisha. Kuhusu kupungua sikumsahihisha, kwa sababu hata mimi niliona unapungua, na nikaamua ni dalili njema.

Kila nilipokuja kuunyoosha mfuko, baba aligeukia ukutani, nami nilimwamkia kwanza, "Shikamoo baba," hata kama nilishamwamkia dakika kumi zilizopita, ili tu tupate la kusema. "Marahaba, mama." Basi, mazungumzo yameisha.

Siku ya tatu akaanza kutetemeka. Mama akasema malaria, mimi nikasema malaria, shangazi akapendekeza mfuko uongezwe dawa. Tukamfunika mablanketi mawili. Tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa limevimba, lakini nani angethubutu kumgusa baba pale? Si mimi. Mama alimgusa, akatoka chumbani anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mchana ule akaingia mtani wa baba kutoka Ruhembe, mzee aliyefanya kazi ya kumwagilia miwa mpaka akastaafu. Alivua kofia, akamwambia baba amekuja kupima kaburi. Urefu anaujua, amefuata upana tu. Baba hakujibu. Mtani akaacha utani papo hapo. Akakivuta kitambaa, akautazama mfuko, kisha akaufuata mpira kwa kidole kutoka msumarini mpaka ulipoingia chini ya blanketi.

"Fundi wa mfereji huu ni nani?"

"Ni mimi, mzee. Hospitalini huwa wana..."

"Mwanangu, mimi nimefungulia maji mashambani miaka yote. Huyu unataka akojoe kupanda mlima?"

Akaushusha mfuko akauweka chini, karibu na sakafu. Mkojo ukateremka kwa kasi, mzito, una rangi ya kutisha, na baba akashusha pumzi ndefu. Shangazi akasema, "Kumbe ilikuwa haiingii." Nilitamani kumzaba kofi, na zaidi nilitamani kujizaba mwenyewe. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa namuua baba yangu kwa mikono yangu, tena kwa usafi na mapambo.

Tulipomrudisha hospitalini, walisema mkojo uliokwama na kurudi nyuma umeleta vijidudu, na vimeshaingia kwenye damu. Akadungwa sindano asubuhi na jioni, akawekewa mpira mpya. Siku mbili alimwita kila mtu kwa jina la marehemu kaka yake. Siku ya tatu akafumbua macho, akanitambua, akaomba uji.

Nesi yule yule akaja kuangalia mfuko, uliokuwa umening'inia chini pembeni ya kitanda.

"Mzee, si nilikwambia mfuko ukae chini ya kiuno wakati wote?"

"Uliniambia."

"Sasa nani aliutundika ukutani?"

Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha uji mkononi. Nikafungua kinywa nikiri, lakini nikawahiwa.

"Mimi," akasema baba.

Nesi alimtazama mzee asiyeweza hata kujiinua kitandani, akanitazama mimi kwa muda, akaandika kitu kwenye faili akaondoka.

"Baba, kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akanywa uji kidogo, akameza taratibu, akageukia ukutani.

"Wageni walikuwa wanakusikiliza, mama. Ningekukosoaje mbele za watu?"