Hedifoni za Mfukoni mwa Koti

Hedifoni zile nilizikuta kwenye mfuko wa koti la mtumba. Nilikuwa nauza makoti pale Igoma, miaka ile mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, na kabla ya kulitundika koti nilikuwa na desturi ya kupapasa mifuko yake. Mara nyingi unakuta karatasi ya peremende. Siku hiyo nikakuta waya mweusi umejiviringa, na mwisho wake vipira viwili vidogo kama matunda ya mnavu.

Hedifoni tulizozijua sisi ni zile za sponji, zinazokaa juu ya sikio. Hizi ziliingia ndani kabisa, kwenye tundu. Nilizifuta kwa spiriti, maana sikujua sikio la nani lilinitangulia, nikazichomeka kwenye wokmani ya mume wangu.

Sina hakika kama naweza kuzieleza inavyotakiwa. Niliishia darasa la saba, na muziki naujua kwa kuimba kwaya tu. Ubaya wake niuseme kwanza. Zinawasha. Waya ukigusa kitenge, unasikia kama mtu anaburuta gunia. Ukitafuna karanga, kichwa chote kinakuwa kinu. Na mteja anaweza kukusalimia mpaka akaondoka akidhani unaringa. Tena usipozisukuma vizuri, muziki unakuwa mwembamba kama wa redio yenye betri zilizoanikwa juani. Lakini ukizisukuma zikakaa, muziki hauko tena mbele yako, uko ndani yako. Hilo sikuwahi kulipata kwenye redio kaseti yoyote, hata ya wenye uwezo.

Wakati huo wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ametoka kuugua kifua kwa muda mrefu. Tuliimba wote sauti ya pili, yeye akisimama mwisho kabisa upande wa kushoto, mimi pembeni yake. Mwalimu wa kwaya aliazima mashine ya kurekodia yenye mikrofoni mbili, akaweka moja kila upande wa kanisa, tukaimba wimbo wa mavuno kwa majaribio. Baada ya hapo tungekwenda mjini kurekodi kaseti yenyewe. Wifi akaazima ile ya majaribio, akaja nayo kwangu.

"Nikijisikia nipo, nakwenda," alisema. "Nisipojisikia, Jumamosi namwambia mwalimu najitoa. Sitaki kusubiri kuambiwa."

Tukakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Hedifoni tukagawana, kipira kimoja kwake, kimoja kwangu, kama unavyogawana muhogo. Haikutupitia akilini kuzitumia kwa namna nyingine. Kumwachia mtu mmoja zote, na mwenzake amekaa hapo hapo anamtazama, tungeona ni uchoyo.

Wimbo ukaanza. Mimi nikamsikia wifi mara moja, sauti yake ile yenye mkwaruzo kidogo.

"Huyo hapo," nikasema. "Tena umejaa."

"Wapi? Mimi nasikia wanaume tu."

"Wifi, upo."

"Umeolewa kwetu, utasemaje?" Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka. "Unaogopa kaka yangu atakurudisha kwenu adai ng'ombe."

Tukarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza tena. Akakitoa kipira chake, akanipa. "Haya, sikia mwenyewe."

Nikatoa changu, nikaweka hicho chake. Nikasikia besi za wanaume, nikasikia yule mama mnene wa sauti ya kwanza. Wifi sikumsikia. Nikamrudishia kipira chake bila kumtazama.

"Umeona," akasema taratibu. Akajifunga kanga yake, akaaga, akarudi kwake Buzuruga. Kaseti akaiacha kwangu.

Nilibaki sijiamini. Labda ni kweli nilimsikia kwa sababu nampenda. Mtu husikia anachokitaka, na mimi si wa kwanza. Lakini kusema nilidanganya nisingeweza, kwa sababu nilimsikia.

Kesho yake wateja walipopungua nikajaribu tena, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu nikaweka vipira vyote viwili. Hapo kwaya nzima ikasimama kichwani mwangu, kila mtu mahali pake. Wanaume kule kulia, yule mama karibu yao. Na huku kushoto, mwisho kabisa, pale pale anaposimama kila Jumapili, wifi yangu. Nikatoa kipira cha kushoto, akapotea. Nikakirudisha, akarudi. Kumbe jana kila mmoja wetu alikuwa anasikiliza nusu ya kanisa.

Lakini nilisikia na jingine. Wifi anaingia mapema, kabla ya wenzake. Kidogo tu, ila ukishasikia huwezi kuacha kusikia. Nikafunga biashara, nikaenda Buzuruga, na njia nzima napima: nimwambie, au nimwache afurahi kwanza?

Nilimkuta anachambua dagaa. Nikamwekea masikioni kulia na kushoto, nikabonyeza.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti kubwa, maana masikio yalikuwa yamezibwa, mpaka jirani akachungulia:

"Nipo."

"Upo."

"Ila nakimbilia."

Akaniokoa. Nikamtoa kipira kimoja ili anisikie. "Unakimbilia kidogo. Na mimi ningoje, nakuja nyuma yako. Bila wewe sijui pa kuingilia."

"Hilo nalijua siku nyingi," akasema, akarudi kwenye dagaa wake. "Ungekuwa na masikio ya kutosha tungelipa ng'ombe zaidi."

Jumamosi alikwenda mazoezini, akamwambia mwalimu mwenyewe kwamba anakimbilia. Mwalimu akasema basi msimame katikati, mnione mkono. Mjini tukaimba hivyo, wifi na mimi katikati, macho kwenye ule mkono. Kama tuliingia sawasawa kila mahali siwezi kuapa.

Hedifoni hazikudumu. Waya ulikatika kwa ndani upande wa kushoto, pale ulipojikunja, na fundi aliutazama akanirudishia. Sikuzitupa. Kaseti yetu niliisikiliza kwa sikio moja la kulia mpaka utepe ukaanza kuvuta, na hata upande huo wifi yangu yumo.