Kikapu cha Majivu

Sabuni yetu haikuwa nzuri kwa macho. Ilikuwa ya kahawia, ya mviringo, imefinyangwa kwa viganja, na wenye maduka waliicheka. Lakini ndiyo iliyotakatisha kanzu za Ijumaa za mtaa wetu mzima wa Mbugangari, na mimi, mke wa fundi cherehani, sikuvumilia mtu aidharau mbele yangu. Nilimrudishia maneno yake hapohapo.

Tuliipika uani kwa mama mkwe wangu. Mawese yalitoka ng'ambo ya mpaka, Goma. Majivu yalikuwa yetu: kila mwanamke alileta kikapu cha majivu ya maganda ya ndizi kutoka jiko lake. Tuliyachuja kwa maji, na maji yale makali ndiyo yaliyogeuza mawese kuwa sabuni. Kiingilio cha ushirika wetu wa wanawake kilikuwa kikapu hicho. Aliyeleta majivu alipata fungu lake bila kumshukuru mtu.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, nyumba za watu zilipochomwa milimani wakati wa machafuko, alikuja mwanamke kutoka upande wa Nyamyumba, mtoto mgongoni. Alikuwa akilala katika jiko la jirani yetu. Aliomba kazi.

"Mkono mtupu haulambwi, mama," mama mkwe alimwambia. "Hapa mutu anaingia na majivu ya kwake."

"Jiko yangu iliungua na nyumba."

"Pole sana. Basi kaa, ukule. Chakula iko."

"Mi sikuomba chakula."

Akaondoka. Nilidhani hatutamwona tena, na nilimnunia mama mkwe siku nzima.

Baada ya siku chache yule mwanamke alirudi na kikapu kichwani. Alikuwa amepanda hadi kwao mlimani, akazoa majivu ya nyumba yake na ya migomba iliyoungua pamoja nayo. Ndani mlikuwa na bawaba ya mlango na vigae vya chungu. Mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akachukua chekecheke na kuanza kazi.

Sabuni ile iliganda vizuri ajabu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiuza.

"Hii tukuwekee," nilimwambia. "Ikuwe ukumbusho."

Alinigeukia kwa hasira. "Muiuze! Ile nyumba ilinilisha ikiwa nzima. Na leo itanilisha."

Tukaipeleka sokoni, na siku hiyo nilinadi kwa sauti kuwashinda wauza samaki wa Rubona. Nilijiona mkubwa, nasema kweli. Yule mama alipata fungu sawa na letu, akapanga chumba kidogo chenye jiko lake nyuma ya msikiti.

Siku ya kupika tena alikuja wa mwisho, kikapu kichwani, kimejaa majivu meupe ya maganda ya ndizi. Mama mkwe alitumbukiza mkono kuyapima, akautoa upesi. Yalikuwa bado ya moto.